Ukisimamishwa na rulaje Lubumbashi: namna ya kuisoma amande (faini) na kuipinga

Lubumbashi, kesi nyingi za barabarani zinaanzia dirishani na kuishia mfukoni. Polisi wa rulaje, yaani polisi wa barabarani, ananyoosha mkono, shofere anaegesha, wanasemezana maneno mawili matatu, noti inakunjwa ndani ya permi (leseni ya kuendesha), gari linaondoka. Kesho yake shofere huyohuyo anasimamishwa kwenye makutano yaleyale kwa kosa lilelile, na hana pa kuanzia kujitetea, maana jana hakuna aliyeandika chochote. Mwongozo huu unakuomba jambo moja: kila mara polisi anapokuambia una kosa, mwombe aliandike. Kosa lililoandikwa linaweza kusomwa, kukaguliwa, kulipwa kwa risiti, au kupingwa mbele ya mtu mwingine. Kosa la mdomo halina mlango wa kutokea isipokuwa ule wa makuta, yaani pesa.

Nimeuandikia shofere wa taksi na taksibisi, manseba wa pikipiki ya abiria, na mwenye gari lake dogo la kwendea kazini. Ajali yenye majeruhi ni habari nyingine: hapo faili linakwenda parke, ofisi ya waendesha mashtaka, na mtu wa kwanza wa kumpigia simu ni avoka, yaani wakili.

1. Karatasi ziwe tayari kabla ya kuwasha gari

Sheria inayotawala barabara zetu ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, yaani kode ya barabara. Ilitungwa enzi ya Zaire. Unaweza kuipata kwenye tovuti ya Leganet. Ihifadhi katika simu yako, maana shofere anayeweza kufungua kifungu kinachozungumziwa anasikilizwa tofauti na yule anayesema tu "nilisikia".

Karatasi zinazoulizwa barabarani ni hizi: permi, ambayo hutolewa na CONADEP, tume ya taifa ya permi; karti rozi ya gari, yaani hati ya usajili, inayotoka DGI, idara ya kodi ya taifa; asiransi (bima); vinyeti, ushuru wa gari wa mwaka, ambayo hapa kwetu hulipwa kwa DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga; na hati ya kontroli tekniki, yaani ukaguzi wa hali ya gari. Gari la kubeba abiria linaongeza idhini ya usafirishaji.

Asiransi inahitaji maelezo kidogo. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo iliyoifanya kuwa ya lazima kwa kila gari, na kwa miaka mingi SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, ilikuwa peke yake sokoni. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko kwa kampuni nyingine, chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya kusimamia bima. Kwa hiyo karatasi ya kampuni nyingine si kosa, mradi kampuni hiyo imeidhinishwa na ARCA. Polisi akikuambia "hii si SONAS", mweleze hivyo kwa utulivu na umwonyeshe tarehe ya mwisho.

Piga picha ya kila karatasi, mbele na nyuma. Kisha andika tarehe zote za mwisho kwenye kipande kimoja cha karatasi ukibandike nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua. Amande nyingi ambazo haziwezi kupingwa kabisa ni za asiransi iliyokufa wiki iliyopita au kontroli tekniki iliyosahaulika. Hapo hakuna avoka wa kukusaidia.

Neno kwa wanaoendesha gari la mtu mwingine: usiondoke na gari la patro (mwenye gari) asubuhi bila kuona karatasi zake kwa macho yako. Mpatane mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba amande ya karatasi za gari ni yake na amande ya uendeshaji ni yako. Katiba yenyewe, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu binafsi na hakuna anayeshitakiwa kwa tendo la mwingine. Lakini jioni, wakati wa kuhesabu verseman, ile pesa ya kumkabidhi kila siku, patro hasomi katiba.

2. Dakika za kwanza

Washa kiashirio, egesha mahali usipozuia wengine, zima injini, shusha kioo. Msalimu. Ubishi wa kwanza ndio unaoharibu mambo mengi, na polisi aliyesimama juani tangu asubuhi, katika vumbi la Septemba, ni mtu kama wewe.

Halafu uliza. Maneno ni yale tunayoyasema kila siku (fe ruji ni taa nyekundu):

"Jambo shefu. Kosa iko gani?"

"Ulipita fe ruji, papa. Leta bikaratasi."

"Hizi hapa. Kama niko na kosa, uniandikie tu, nitaenda kulipa ku banki."

Sentensi hiyo ya mwisho inabadilisha mazungumzo. Hujakataa kosa, hujamtukana, hujamtuhumu kwamba anataka rushwa. Umeomba tu utaratibu. Wengine hapo hapo wanakurudishia karatasi na kukuambia uende ukaendeshe vizuri. Wengine wanasema "basi twende biro". Ukifikia hapo, uliza ni biro (kituo) ipi, na kabla ya kuondoka mpigie simu mtu wa nyumbani au patro, useme kwa sauti ya kusikika uko wapi, unapelekwa wapi na kwa kosa gani. Ufunguo ubaki mkononi mwako. Polisi akiingia na kukaa kiti cha mbele, usishikane naye. Endesha polepole hadi biro iliyotajwa, wala usikubali kuzungushwa mitaani.

Inafaa ujue kwa nini safari ya biro inapendwa hivyo. Watafiti waliochunguza kwa karibu kazi ya rulaje mjini Kinshasa walikuta kwamba wakuu wa vituo huwapangia polisi wa barabarani idadi ya mashofere wa kuletwa kila siku, na makuta mengi yanatokana na majadiliano ya hapo kituoni kuliko amande za kisheria. Polisi aliye mbele yako huenda naye ana verseman yake ya jioni. Hilo halimpi haki ya kukuonea, ila linakusaidia kuelewa kwamba hasira yako juu yake haitabadilisha kitu, na kwamba karatasi ndiyo inayoweza kumzuia mkubwa wake pia.

Kabla ya kuondoka pale mliposimama, andika katika simu: saa, barabara, makutano, kilichokuwa kikitokea. Kama jina au matrikule (namba yake ya kazi) inaonekana kwenye nguo yake, iandike. Piga picha ya barabara: taa, kibao, mistari, mti unaofunika kibao. Usimpige picha polisi usoni. Utapoteza simu na kesi itageuka kuwa nyingine kabisa.

3. Ni nani anayeweza kukuomba ulipe

Hapa ndipo mashofere wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Polisi wa rulaje anayesimama njiani ana haki ya kukusimamisha, kukagua karatasi na kuandika alichokiona. Lakini si kila polisi ni OPJ, yaani ofisa wa polisi ya mahakama. Kode ya mwenendo wa jinai, ambayo ni dekrete ya tarehe 6 Agosti 1959, inampa OPJ na mjistra wa parke (mwendesha mashtaka) uwezo wa kukupendekezea kile tunachokiita amande transaksionele: ulipe kiasi fulani kwa Hazina ya Serikali, na kesi ifungwe bila kwenda mbele ya jaji. Kiasi hicho hakiruhusiwi kuvuka amande ya juu kabisa ambayo sheria imeweka kwa kosa lile, pamoja na nyongeza zake za kisheria.

Soma tena maneno mawili: kukupendekezea, na Hazina. La kwanza lina maana kwamba unaweza kukataa. Ukikataa, faili linapelekwa parke na huko ndiko utakakojitetea. Kukataa si kosa jipya, na mtu asikutishe kwamba unafungwa kwa sababu umekataa kulipa papo hapo. La pili lina maana kwamba makuta hayo si ya mtu aliye mbele yako. Yanakwenda benki, kwa karatasi ya kulipia inayotolewa kupitia DGRAD, idara ya Serikali ya mapato ya kiutawala na ya mahakama, ile tunayoiita noti ya persepsio.

Kwa hiyo, bironi, maswali matatu kwa adabu: "Shefu, OPJ ni nani hapa?" "Kosa hili liko katika kifungu gani?" "Kiwango cha amande kimeandikwa wapi?" Swali la tatu lina uzito wake. Sheria ya 1978 iliweka viwango vyake kwa zaire, sarafu iliyokwisha kufa. Franka ya Kongo ilikuja mwaka 1998. Kiwango cha leo lazima kiwe kwenye andiko rasmi la sasa, arete (amri ya Serikali) yenye namba na tarehe. Bei inayoanzia dola 50, ikashuka 20, ikaishia franka za mfukoni, haijatoka kwenye arete yoyote.

Unaweza pia kusimamishwa na watu wasio polisi: wakaguzi wa vinyeti, wa usafiri, wa komine. Hao waombe ordre de misyo, karatasi ya kazi yenye jina lao, saini, muhuri na tarehe zinazoonyesha kwamba bado ina nguvu. Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Asiye na karatasi ya kumtuma hana cha kukudai.

4. Isome prose-verbali kabla ya kusinya

Prose-verbali, au PV, ni karatasi rasmi ambamo kosa lako limeandikwa, na huandikwa kwa Kifaransa. Kama Kifaransa chako hakifiki huko, sema wazi kwamba unaomba usomewe na kuelezwa kwa Kiswahili. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika kifungu cha kwanza cha katiba, na kifungu cha 18 kinamtaka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Nenda na mtu anayesoma Kifaransa kama unaye karibu.

Tafuta mambo haya katika karatasi: jina lako na anwani kama zilivyo kwenye permi, namba ya gari, herufi kwa herufi, tarehe, saa na mahali, maelezo ya kitendo, kifungu cha sheria, jina na cheo cha aliyeandika. Mahali paandikwe kwa usahihi. "Chaussée Laurent-Désiré Kabila" peke yake haitoshi, barabara ile ni ndefu. Makutano gani, upande upi?

Chini kabisa angalia kiapo. Kode ya 1959 inataka kila PV imalizike kwa maneno yaliyoandikwa: "Je jure que le présent procès-verbal est sincère", yaani aliyeandika anaapa kwamba alichoandika ni cha kweli. PV isiyo na kiapo hicho ina kasoro ya kutajwa mbele ya mjistra au jaji. Ni mstari mmoja mfupi, na mara nyingi ndio unaosahaulika.

Ukikuta maneno ambayo hukuyasema, omba yarekebishwe. Yakikataliwa, usisinye, omba iandikwe kwamba umekataa kusinya na sababu yako. Au sinya, lakini juu ya saini yako andika kwa mkono wako kwamba hukubaliani na kosa. Usisinye kamwe karatasi yenye nafasi tupu. Ukiruhusiwa, piga picha; usiporuhusiwa, andika namba ya PV na jina la OPJ.

5. Wakichukua permi au gari

Kitu chochote kinachochukuliwa kinahitaji karatasi yake. Kode ya mwenendo wa jinai inamtaka OPJ aandike PV ya kushika vitu, ikieleza kitu kilichoshikwa, na mwenye nacho aisinye. Akikataa au asipoweza, hilo nalo linaandikwa. Permi iliyowekwa ndani ya mfuko wa shati bila karatasi imepotea tayari: ukirudi siku ya tatu, aliyeichukua amehamishwa zamu na hakuna anayekumbuka.

Gari likipelekwa furiere, yadi ya magari yaliyoshikwa, zunguka nalo kwa kamera kabla halijaondoka: magurudumu, taa, vioo, redio, gurudumu la akiba, kiasi cha mafuta, kilomita zilizoandikwa. Toa vitu vyako vyote. Uliza gharama ya kila siku ya furiere na uiombe kwa maandishi, maana gharama hiyo ndiyo inayowabana watu hadi wakubali lolote. Kama unataka kupinga kosa, omba kwa barua gari litolewe wakati kesi inaendelea. Usisubiri mwisho wa kesi gari likiozea huko kwenye mvua za Januari.

6. Amua: kulipa au kupinga

Niseme ukweli. Shofere wa taksibisi akikaa biro tangu asubuhi hadi saa nane, verseman ya patro bado inamsubiri jioni, na nyumbani wanasubiri unga. Ndiyo sababu watu hulipa kosa ambalo hawakulifanya. Simlaumu mtu huyo. Ila usichanganye kulipa amande ya halali, yenye karatasi, na kununua njia. Kama kosa ni la kweli, omba amande transaksionele, lipa benki, maliza. Ni haraka kuliko unavyodhani, na siku nyingine una risiti.

Pinga pale ambapo una kitu cha kuonyesha. Sababu zinazosimama ni kama hizi.

Kwanza, kosa la utambulisho: namba ya gari si yako, tarehe si hiyo, wewe hukuwa unaendesha.

Pili, alama haikuwepo au haikuonekana. Kibao cha kukataza maegesho kilichoanguka, mstari uliofutika, taa iliyozimika. Picha ya siku ileile ina thamani; picha ya wiki ijayo watasema kibao kiling'olewa baadaye.

Tatu, karatasi ilikuwepo na ilikuwa hai, ila hukuwa nayo mkononi. Kutoonyesha asiransi na kutokuwa na asiransi ni makosa mawili tofauti, na uzito wake si mmoja. Kama PV imeandika kwamba huna, na wewe unayo ya tarehe za kabla ya siku hiyo, peleka ya asili na nakala.

Nne, ulifuata amri ya polisi mwingine. Hii inatokea sana katikati ya mji, nami naona ndiyo inayowaumiza watu bila sababu kuliko zote. Tuseme umetoka Katuba na abiria, unaelekea mjini. Kwenye makutano taa ni nyekundu, lakini polisi aliyesimama katikati ya njia anakupungia mkono upite, kwa kuwa magari yamejaa upande wako. Unapita. Hatua chache mbele mwenzake anakusimamisha: umepita fe ruji. Katika kanuni za barabara amri ya polisi anayeongoza magari inashinda taa, taa inashinda vibao vya kupishana, na vibao vinashinda kanuni ya kumpisha anayetoka kulia. Hukufanya kosa; ungesimama, ungekuwa umekataa amri. Lakini uthibitishe: chukua majina na namba za simu za abiria wawili waliokaa mbele, andika saa kamili, piga picha ya makutano na polisi wa katikati akionekana kwa mbali, mgongo au mkono tu. Halafu, bironi, usiishie kusema "aliniambia nipite". Omba iandikwe ndani ya PV kwamba kulikuwa na polisi anayeongoza magari kwenye makutano yale saa ile, na kwamba una mashahidi. Kikiwa ndani ya PV, mjistra atakisoma hata kama wewe hukuja.

Tano, kiasi kinachodaiwa kinazidi kile cha sheria, au kosa lilelile limeshalipwa.

"Rulaje ananichukia" si sababu. "Wote wanaegesha pale" pia si sababu.

7. Njia ya kupinga

Anza na OPJ mwenyewe. Wengi wanaruka hatua hii, na mara nyingi ndiyo inayomaliza jambo. Mwonyeshe karatasi, picha, sheria katika simu. Ongea naye kama mtu anayeweza kukusikiliza. Katiba, kifungu cha 19, inakuruhusu kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi uliyemchagua katika ngazi zote, pamoja na hii ya polisi.

Asipokubali, faili lipelekwe parke, na wewe utangulie na barua yako. Iandike kwa Kifaransa, ukurasa mmoja: wewe ni nani, namba ya PV na tarehe, unachoshitakiwa, kilichotokea kwa mpangilio wa saa, sababu yako moja au mbili zenye nguvu, unachoomba, yaani faili lifungwe bila kuendelea au permi irudishwe, halafu orodha ya viambatisho. Usijaze hasira. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, irudi nawe. Muhuri huo ndio uthibitisho kwamba hukukimbia.

Mjistra anaweza kulifunga faili, anaweza kukupendekezea amande, au anaweza kukupeleka tribinali ya amani. Ukipata barua ya kuitwa tribinalini, kwa kawaida kuna siku 8 kamili kati ya kuipokea na siku ya kesi. Nenda. Asiyefika anahukumiwa bila kusikilizwa, na kurekebisha hilo kunachosha zaidi: una siku 10 za kufanya opozisio, yaani kuomba kesi isikilizwe upya ukiwepo, tangu ulipokabidhiwa hukumu mwenyewe. Ukihukumiwa ukiwa ulikuwepo na hukubaliani, rufaa nayo ni siku 10, na inapelekwa tribinali ya gransi instansi. Siku hizo hazimsubiri mtu. Nenda kwa karani siku ya kwanza, si ya tisa.

Kama huna uwezo wa avoka, uliza baro (chama cha mawakili) kuhusu biro ya mashauri ya bure. Na ujue: kuwekwa kasho (mahabusu) na polisi hakuwezi kuzidi saa 48 kabla ya kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya mahakama au kuachiwa, ni kifungu cha 18 cha katiba. Ndugu zako wawe na sentensi hiyo katika simu zao.

8. Ukiombwa makuta

Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 imekaza adhabu za rushwa katika kode penali (sheria ya makosa na adhabu), na inamgusa anayepokea na anayetoa pia. Ukiweka noti ndani ya permi umejifunga mdomo: huwezi tena kulalamika bila kujishitaki. "Tusikilizane" ijibiwe kwa "niandikie, shefu".

Kama makuta yamechukuliwa kwa nguvu au kwa vitisho, andika siku ileile: saa, mahali, kiasi, maneno yaliyosemwa, mashahidi. Malalamiko juu ya polisi hayaendi tribinali ya kawaida. Kifungu cha 156 cha katiba kinaweka makosa ya wanajeshi na polisi mikononi mwa mahakama za kijeshi, kwa hiyo mlango wako ni odita ya kijeshi, yaani parke ya mahakama hizo. Unaweza pia kuandikia Inspeksio kuu ya polisi ya taifa, au mkuu wa polisi wa mji. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Nasisitiza hayo maneno "pamoja na wengine". Shofere mmoja anayelalamikia makutano fulani anaonekana msumbufu. Barua moja ya mashofere ishirini wa laini ileile, kupitia chama chao, yenye tarehe na saa zilizoandikwa vizuri, inamlazimu mtu ajibu.

9. Kulipa na kuhifadhi

Ukiamua kulipa, lipa kwa noti ya persepsio, kwenye benki iliyotajwa humo, na usimpe mtu makuta akulipie. Linganisha jina, namba ya PV na kiasi kabla ya kuondoka dirishani. Rudi biro na karatasi ya benki, chukua permi au gari, na omba iandikwe kwamba vimerudishwa. Kama gari limetoka furiere, likague kwa zile picha zako ukiwa bado ndani ya geti.

Hifadhi kila kitu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kode penali, kifungu cha 24, inasema kosa linaloadhibiwa kwa amande peke yake, au kwa kifungo kisichozidi mwaka, linakufa baada ya mwaka mmoja kama halijafuatiliwa; yenye adhabu kubwa zaidi yanachukua miaka mitatu au zaidi. Polisi akikutolea leo PV ya zamani ya kosa dogo ambalo hukuwahi kuitiwa, angalia kwanza tarehe yake, kisha umwonyeshe kifungu hicho.

Picha za risiti zitumie pia kwa patro na kwa mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu simu za mashofere huibwa, hasa pale soko la Kenya, komine ya hapa Lubumbashi, jioni.